Ukikatika hapa, nani anazimika?

Mwaka 2001 nilipata kibarua kwenye kafe ya intaneti pale Kariakoo, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitenge. Kompyuta kumi na moja, mapangaboi mawili, na bango la bei lililofutwa na kuandikwa upya mara tatu. Kazi yangu haikuhusu mtandao hata kidogo: nilikuwa naandika muda wa wateja daftarini na kuwagongea meza waliopitiliza. Mtandao nilikutana nao Jumamosi moja, kafe imejaa, mteja wa mashine namba saba alipojinyoosha miguu chini ya meza na watu kumi na mmoja wakaguna kwa pamoja.

Hilo ndilo lililonishangaza. Aliyegusa waya ni mmoja, walioganda ni wote.

Fundi alikuja saa nane mchana, mtu mzima mwenye mkoba wa ngozi uliochakaa. Ndani mlikuwa na bisibisi, mita ya kupimia umeme, na vijidude viwili vya chuma, vidogo kama kofia ya kalamu. Nikamwamkia. Akaitikia, akaniambia nichukue karatasi nimchoree mtandao wetu. Nikamwambia mimi mtandao siujui. "Waya unauona, si ndiyo? Chora unavyopita."

Nikachora mstari mmoja mrefu, kompyuta zote zimeuning'inia kama nguo kwenye kamba. Akaweka kidole kwenye namba saba.

"Ukikatika hapa, nani anazimika?"

Nikasema namba saba. Akacheka mpaka akakohoa.

Tulikuwa tunatumia koaksi, waya mweusi wa duara unaofanana na ule wa antena ya televisheni. Unatoka kwenye kadi ya mashine hii kupitia kiungo chenye umbo la herufi T, unaenda mashine ya pili, ya tatu, hadi mwisho. Pande zote mbili za mwisho hufungwa kile kijidude cha chuma, temineta, chenye ukinzani wa omu 50. Kazi yake ni kumeza mawimbi yakifika mwisho. Isipokuwepo, au waya ukiachia katikati, mawimbi yanagonga ukuta yanarudi kama mwangwi, na kila kompyuta inadhani kuna mwenzake anasema. Basi zote zinakaa kimya zikisubiri. Ndiyo maana namba saba hakuzimika peke yake.

Vitabu vinauita mpangilio wa basi. Jina linafaa kuliko walivyokusudia waliolitunga: wote tumo ndani ya gari moja, likiharibika Ubungo tunashuka wote.

Yule fundi alinifundisha namna ya kutafuta ubovu bila kutambaa chini ya meza zote kumi na moja. Unachomoa kiungo cha mashine ya katikati, unaweka mita. Ikisoma omu 25, waya mzima ni mzima, maana unaziona temineta mbili kwa pamoja. Ikisoma 50, upande mmoja umekatika. Basi unafunga temineta ya akiba palepale katikati, unaangalia nusu ipi inafufuka, kisha unagawa tena ile nusu iliyobaki mfu. Mara tatu au nne hivi umefika. Siku ile tulifika namba saba kwa dakika kumi, na kwa kuwa tulijua tangu mwanzo kwamba ni namba saba, nadhani alifanya vile ili nione tu.

Kumbe ile tabia ya kompyuta kusikilizana ndiyo moyo wa teknolojia yenyewe, Etheneti. Robert Metcalfe aliandika waraka wake wa kwanza kuihusu mwezi Mei 1973, akiwa kwenye maabara ya Xerox kule California, na akaijenga pamoja na David Boggs. Wazo la msingi alilitoa Hawaii, ambako chuo kikuu kilikuwa kimeanza mwaka 1971 kuunganisha visiwa kwa redio, masafa yaleyale yakitumiwa na wote. Sheria zake ni za barazani. Kabla hujasema, sikiliza. Kama kuna anayezungumza, subiri. Kama mmeanza wawili kwa pamoja, nyamazeni wote, kila mmoja akae kimya kwa muda wa kubahatisha, halafu ajaribu tena. Mkigongana tena, ngojeni zaidi. Hakuna mwenyekiti. Nimekaa kwenye vikao vingi vyenye mwenyekiti vilivyokosa adabu hiyo.

Palikuwa na mpinzani wake, mtandao wa pete wa IBM, ambamo kijiti kinazungushwa na mwenye kijiti peke yake ndiye anayesema. Ulikuwa na nidhamu nzuri na bei mbaya, na mimi sijawahi kuushika kwa mikono yangu.

Miezi michache baadaye nilijiona fundi. Mwenye kafe akaongeza mashine mbili, akanipa hela nikanunue waya. Nikaenda duka la vifaa vya televisheni, nikanunua mita sita za koaksi kwa bei nusu ya ile tuliyozoea. Ulikuwa mnene kidogo, kichwa hakikutaka kuingia, nikausukuma kwa nguvu. Mtandao ukawaka. Barua pepe zikasoma. Lakini kila mtu akijaribu kufungua picha kubwa, kafe nzima inapepesuka, inarudi, inapepesuka tena. Nilipima kwa mita: omu 25, safi kabisa. Siku tatu sikulala vizuri. Fundi alipokuja hakupima chochote. Aliuinua waya karibu na macho akasoma maandishi madogo yaliyochapwa juu yake, akaniuliza, "Hapa pameandikwa nini, kijana?" Palikuwa pameandikwa RG-59. Wa mtandao ni RG-58. Ule wa televisheni umetengenezwa kwa omu 75, na hizo omu siyo zile ambazo mita inasoma. Ni namna waya unavyoyapokea mawimbi yanayokwenda kasi. Pale wa 50 unapokutana na wa 75, sehemu ya wimbi inarudi nyuma. Unajitengenezea ukuta mdogo ndani ya waya mzima. Hela ya waya ilikatwa kwenye mshahara wangu, na ilikuwa haki.

Mwaka uliofuata tukahamia kwenye nyota. Kila kompyuta na waya wake, zote zinakutana kwenye boksi moja katikati. Waya wa namba saba ukikatika, anazimika namba saba. Nilimwambia fundi jibu langu la zamani sasa limekuwa sahihi. Akaniambia nichore tena, akaweka kidole kwenye boksi.

Boksi letu la kwanza lilikuwa habu. Habu haina akili: ikisikia neno kwenye tundu moja inalirudia kwenye matundu yote, kwa hiyo nyaya zimekuwa nyota lakini tabia imebaki ya basi. Swichi ndiyo iliyobadilisha mambo. Kila kadi ya mtandao inatoka kiwandani na namba yake ya biti 48, na swichi inakaa ikisoma namba za wanaotuma: huyu yuko tundu la pili, yule la tisa. Baada ya sekunde chache imeshawajua wote, na neno la mtu linapelekwa kwa mtu wake. Mgongano ukaisha. Ule ustadi wote wa kusubiriana barazani, kwenye waya, leo hauna kazi.

Kazi ya nyota ilinifundisha kubana vichwa, vile vya plastiki vya mwisho wa kebo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu bado naona vijana wakikosea. Ndani ya ile kebo mna nyaya nane, jozi nne, kila jozi imesokotwa. Unachuna ganda kama sentimita mbili, unazifungua, unazinyoosha kwa vidole mpaka zilale sawasawa, unazipanga: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Unakata kwa pamoja ziwe sawa kama kucha, unaingiza kichwani mpaka uone shaba nane zimegusa mwisho, unabana. Anayeanza hujiuliza kwa nini kijani imetenganishwa, nusu iko ya tatu na nusu ya sita, bluu zimekaa katikati yake. Anaona ni upuuzi, anazipanga jozi kwa jozi, pande zote mbili vilevile. Testa, kifaa cha kujaribia kebo, inawaka taa zote nane, moja mpaka nane, kwa mpangilio. Anaondoka na hela yake.

Wiki moja baadaye anapigiwa simu. Jozi imesokotwa ili uchafu wa umeme kutoka nje, wa taa za mirija au waya wa kiyoyozi, uziguse nyaya zote mbili sawasawa. Mashine inasoma tofauti kati ya hizo mbili, na uchafu unajifuta. Kadi inategemea kwamba tundu la tatu na la sita ni jozi moja. Ukipanga unavyotaka wewe, umezioanisha nyaya mbili ambazo hazikusokotwa pamoja. Kebo ya mita mbili itakuvumilia. Ya mita sitini iliyopita juu ya dari karibu na taa haitakuvumilia, na testa ya elfu kumi haioni kosa hilo.

Kuna kosa jingine la nyota ambalo kila fundi analo hadithi yake. Yangu ni ya ofisi moja ya mizigo karibu na bandari. Mtandao wote ulikufa saa moja asubuhi, taa za swichi zote zinapepesa kwa pamoja, haraka, kama zinatetemeka. Ilinichukua mpaka saa nne kugundua kwamba dada wa usafi alikuta ncha ya waya sakafuni, akaona haipendezi, akaichomeka kwenye tundu lililokuwa wazi. Ncha ya pili ilikuwa tayari kwenye swichi ileile. Tangazo moja, yaani ujumbe unaotumwa kwa kompyuta zote, likiingia kwenye duara hilo linazunguka, linajizidisha, halifiki mwisho wala halichoki, mpaka hakuna nafasi ya kitu kingine. Dawa yake ipo tangu 1985, Radia Perlman alipobuni njia ya swichi kuzungumza zenyewe, kuugundua mzunguko na kufunga tundu moja mpaka litakapohitajika. Swichi za ofisi ile zilikuwa za bei ya chini, hazikuwa nayo. Dada hakuwa na kosa lolote, na nililisema hilo mbele ya meneja.

Halafu ikaja waifai, na nikaona kitu ambacho vijana niliokuwa nawafundisha hawakukiona kwa kuwa hawakupitia koaksi: basi imerudi. Hewa ni waya mmoja wa wote. Redio haiwezi kusema na kusikiliza kwa wakati mmoja, kwa hiyo waifai haigundui mgongano, inajitahidi kuukwepa kwa kusubiri kabla. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4 kuna njia tatu tu zisizoingiliana, ya 1, ya 6 na ya 11. Ninakokaa, jengo lina nyumba kumi na nne na ruta kumi na nne, na jioni watu wanalalamika mtandao ni mzito huku mkongo unaingia kila sebule. Nikimaliza kupima, mara nyingi tatizo liko kati ya kochi na ruta. Ninawachomekea kebo kwenye televisheni, malalamiko yanapungua kwa nusu.

Na huo mkongo wa nyumbani nao, tofauti na wengi wanavyodhani, si wako peke yako. Kwenye nguzo kuna kiboksi cha kugawa, kioo kitupu kisichotumia umeme, kinachogawa mwanga wa unyuzi mmoja kwa nyumba 32 au hata 64. Mwanga wenye data ya jirani unafika kwako pia, umefumbwa, na kifaa chako kinautupa. Wakati wa kupandisha, kila nyumba inapewa zamu yake. Ni mti: shina, tawi, majani. Unajua kidole cha fundi kingekaa wapi.

Anwani nazo zinagawanwa. Watu waliosoma shule za bweni wataelewa haraka. Barua yako ilikuja kwa S.L.P. ya shule, moja kwa wanafunzi mia saba, na mtu wa ofisini alijua amwitie nani mstarini. Ruta yako inafanya hivyohivyo. Anwani za mtindo wa zamani ni za biti 32, jumla yake 4,294,967,296, na hazikutosha dunia. Kwa hiyo ndani ya nyumba kila simu ina namba ya kienyeji, 192.168 na kitu, na nje mnaonekana kama mtu mmoja. Kampuni za simu zinafanya hivyo kwa mitaa mizima. Ukifungiwa tovuti kwa kosa ambalo hukulifanya, huenda ni mwenzako wa S.L.P. ileile.

Kinachosafiri ndani ya haya yote ni pakiti. Ningependa kuziita vifurushi, lakini kampuni za simu zimeshalichukua neno hilo na kulipa tarehe ya kuisha. Picha ya megabaiti tatu inakatwa vipande kama elfu mbili, kila kimoja na anwani yake, kila kimoja kinaweza kupita njia yake. Paul Baran, mhandisi wa Marekani, alilichora wazo la mtandao wa namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960 akijiuliza swali la yule fundi kwa maana nzito zaidi: likipigwa bomu la nyuklia, ni simu zipi bado zitaita? Alichora maumbo matatu. La kwanza nyota. La pili nyota za nyota. La tatu wavu, kama wa mvuvi, kila fundo limeshikana na mafundo kadhaa. Akaonyesha kwamba huhitaji kamba nyingi. Kila fundo likishikwa na wenzake watatu au wanne, unaweza kukatakata sana na waliobaki bado wakapata njia.

Afrika Mashariki kwa muda mrefu haikuwa na wavu. Kafe yetu ilitoka nje kwa dishi la VSAT, dishi la setilaiti, juu ya paa. Setilaiti ile inakaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, kwa hiyo neno kupanda na kushuka ni robo sekunde, na jibu lake robo nyingine. Wateja waliopiga simu za sauti walisema "haloo" wawili kwa pamoja, wakanyamaza wawili kwa pamoja, wakaanza tena. Na barua pepe kutoka kampuni moja ya Nairobi kwenda nyingine ya Nairobi ilizunguka ng'ambo kwanza. Watoa huduma wa Kenya walifungua kituo chao cha kubadilishana data humohumo nchini, KIXP, Novemba 2000. Kikafungwa na mdhibiti baada ya wiki kama mbili, kikaruhusiwa tena Februari 2002. Kitu chenyewe kilikuwa swichi. Ugomvi wote ule, swichi.

Mkongo wa kwanza wa baharini kufanya kazi kwetu, SEACOM, uliwashwa Julai 2009. TEAMS wa Mombasa hadi Fujairah ukafuata mwaka uleule, na EASSy mwaka 2010, karibu kilomita 10,000 kutoka Mtunzini, Afrika Kusini, hadi Port Sudan. Mwanga ndani ya kioo unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo urefu wote huo ni milisekunde 50. "Haloo" zikaacha kugongana.

Jumapili, Mei 12, 2024, jirani alinigongea. "Baba, ruta yako inawaka? Yangu imekufa." Yake haikuwa imekufa. Nikafungua kompyuta, nikaandika tracert, ile amri inayokuonyesha kila kituo ambacho pakiti inapita. Cha kwanza, ruta yangu, milisekunde 1. Cha pili, mtoa huduma, 6. Cha tatu bado Dar es Salaam, 8. Cha nne, nyota tatu. Cha tano, nyota tatu. Nyota hapo zina maana ya kimya.

Mikongo miwili, EASSy na SEACOM, ilikuwa imekatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Kaskazini nako hakukuwa na pumzi ya kutosha: Februari mwaka huohuo mikongo mitatu ilikatika Bahari ya Shamu, SEACOM ikiwemo, na inaaminika ni nanga iliyoburuzwa na meli iliyopigwa kombora. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kwenye ramani tulikuwa na njia mbili, tatu. Chini ya maji zilipita jirani.

Nilimweleza jirani. Akasema, "Kwa hiyo niizime niiwashe?"

Miezi kadhaa baadaye shule moja ya binafsi iliniita niwakague. Mhasibu alinipokea kwa kujiamini: baada ya ile Mei wamejifunza, sasa wana watoa huduma wawili tofauti, mikataba miwili, ruta inayohama yenyewe mmoja akianguka. Alinionyesha na mchoro, wa rangi. Nikamwomba tutoke nje. Kebo ya kwanza ilitoka ukutani, ikavuka uwanja, ikapanda nguzo ya kona pale malori ya mchanga yanapokatia. Kebo ya pili ilitoka ukuta wa upande mwingine, nikaifuata kwa macho juu ya paa la jikoni, ikazunguka mwembe, ikapanda nguzo ileile. Zilikuwa zimefungwa kwa waya mmoja. Nguzo yenyewe ilikuwa na kovu jeupe usawa wa kiuno changu.

Mhasibu aliiangalia kwa muda.

"Kwa hiyo tuongeze wa tatu?"

"Hapana, ndugu yangu. Tumhamishe wa pili."

Upande wa pili wa barabara kulikuwa na nguzo nyingine, ila kuifikia lazima kebo ipite juu ya banda la mama ntilie. Tukavuka kwenda kumwomba. Alikuwa anageuza chapati, akatuuliza kama huo waya una shoti.